Bangi haijahalalishwa Uholanzi

Katika mijadala ya kuhalalisha bangi, Uholanzi hutajwa mara kwa mara kuwa nchi iliyoihalalisha zamani, nayo hutumiwa kuthibitisha kwamba hatua hiyo hupunguza madhara au, kwa wapinzani, kwamba huyazidisha. Ukweli ni kwamba bangi ingali marufuku huko. Marekebisho ya mwaka 1976 ya Sheria ya Afyuni, yaani sheria ya nchi hiyo ya dawa za kulevya, yaliitenga na dawa kali kama heroini, na mtumiaji mwenye kiasi kidogo akawa kwa kawaida hashtakiwi, kwa matumaini kwamba kijana anayetafuta bangi hatalazimika kukutana na muuza heroini.

Ndipo yakaja maduka ya bangi yanayovumiliwa kwa masharti: mteja asiuziwe zaidi ya gramu 5 kwa siku, asiwe chini ya miaka 18, pombe isiuzwe, matangazo yasiwepo, na akiba ya duka isizidi gramu 500. Kasoro kubwa, tena ya ajabu, ni kwamba kulima bangi na kuyauzia maduka hayo kulibaki kosa la jinai. Mwenye duka alimuuzia mteja waziwazi bidhaa aliyoipata kwa magendo, bila ukaguzi rasmi wa viuatilifu wala wa ukali wake. Mfumo wa namna hiyo hauwezi kuonyesha uhalalishaji kamili ungeleta nini. Jaribio la mashamba yenye leseni, ambayo mazao yake hupimwa maabara kabla ya kufika dukani, lilianza Desemba 2023 tu, katika miji ya Breda na Tilburg.