Je, wajua kwa nini nakala iliyokamilika saa kumi usiku ni ya saa nane?

Unaandika amri ya pg_dump saa nane kamili usiku ili kuchukua nakala ya hifadhidata ya PostgreSQL. Hifadhidata ni kubwa, kazi inaisha saa kumi. Je, data iliyomo kwenye faili ni ya saa ngapi?

Miaka ya nyuma ningekujibu kwa uhakika kabisa: mchanganyiko, majedwali ya mwanzo ya saa nane, ya mwisho ya saa kumi. Kwa hofu hiyo nilizima mfumo mzima kila nilipochukua nakala.

Hofu yenyewe haikuwa ya kijinga. Tuseme akaunti ya kwanza ina 80, ya pili 20. Msomaji, yaani programu inayochukua nakala, anaandika 80 kisha anasonga mbele. Kabla hajafika ya pili, mtu anahamisha 30 kutoka ya kwanza kwenda ya pili. Akifika anakuta 50. Nakala ina 130, na hifadhidata haijawahi kuwa na zaidi ya 100! Ukinakili mafaili ya hifadhidata kwa cp, amri ya kunakili faili, huku seva ikiendelea na kazi, mseto wa namna hiyo unaweza kukupata kweli. Nilikosea kudhani pg_dump nayo hunakili mafaili. Yenyewe huingia kama mteja mwingine yeyote, husoma majedwali, kisha huandika ilichokiona katika umbo la amri za kuyajenga upya. Fahirisi, zile orodha za kuharakisha utafutaji, huandikwa maelezo yake tu, ndiyo maana faili huwa dogo na kurejesha huchukua muda.

Lakini mteja huyo anakwepaje ile 130?

Fikiria daftari ambalo ni marufuku kutumia kifutio. Kila muamala una namba. Mstari wenye 80 uliandikwa na muamala 412. Uhamisho, muamala 530, hauugusi ule 80. Unaandika mstari mpya wenye 50, na pembeni mwa ule wa zamani unaweka alama: umebatilishwa na 530. Sasa, pg_dump ilipoingia saa nane ilikabidhiwa orodha ya miamala iliyokwisha kukamilika. 530 haumo. Ikikutana na mstari mpya, inauruka. Ikikutana na wa zamani, inaona umebatilishwa na mtu isiyemtambua, basi inachukua 80 kana kwamba hakuna kilichotokea. Akaunti ya pili nayo, hata ikisomwa saa tisa na nusu, inatoa 20.

Mistari mikongwe hufagiwa na VACUUM, kazi ya usafi ya PostgreSQL, ila haiwezi kuigusa inayohitajika na msomaji wa saa nane. Nakala ndefu hulimbikiza uchafu.

Vihesabu vya kugawa namba za mistari ni wakaidi: havifuati daftari hili, husomwa vilivyo wakati huo, kwa hiyo nakala yaweza kuwa na pengo la namba lisilo na madhara. Anayejaribu ALTER TABLE, amri ya kubadili jedwali, katikati ya kazi kwa kawaida atasubiri. Kwa MySQL, hifadhidata nyingine, mysqldump hupata picha ya wakati mmoja ya namna hii kwa chaguo la --single-transaction, tena kwa majedwali ya aina ya InnoDB tu. Ya aina ya MyISAM hayapati picha hiyo.

Siku ya kuhamia seva mpya bado nazima mfumo. Safari hii ni kwa sababu nakala ni ya saa nane kweli, na kilichoandikwa saa nane na dakika moja kingebaki kwenye seva ya zamani.