Jirani Anaposikia Kipigo: Nafasi ya Shuhuda katika Kuzuia Ukatili

Katika nyumba za kupanga za Manzese, Tandale au Mbagala jijini Dar es Salaam, ambako wapangaji hutumia ua mmoja na kutenganishwa na kuta ambazo wakati mwingine hazifiki hata darini, ni nadra kipigo cha usiku kukosa shahidi. Wote husikia. Anayekosekana ni mtu wa kwanza kufungua mlango, kwa kuwa kila mmoja hudhani kwamba mwenye nyumba atatoka, au mpangaji wa chumba cha mbele, na asubuhi watu husalimiana bombani kana kwamba usiku ulikuwa shwari.

Wanasaikolojia Bibb Latané na John Darley wa Marekani waliipima tabia hii katika jaribio walilolichapisha mwaka 1968. Moshi ulipopenyezwa chumbani, asilimia 75 ya waliokuwa peke yao walitoa taarifa, lakini watu walipokaa watatu watatu, ni asilimia 38 tu ya makundi hayo ambamo hata mmoja alitoa taarifa, maana kila mtu alimtazama mwenzake, akamwona ametulia, naye akatulia. Hata hivyo, umati haukosi utu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliopitia picha za kamera za usalama za mizozo 219 ya mitaani katika miji ya Amsterdam, Lancaster na Cape Town, ulionyesha kwamba katika matukio tisa kati ya kumi angalau mtu mmoja aliingilia.

Kwa maoni yangu, kinachotufunga zaidi ni kipigo cha ndani ya ndoa, ambacho tumekifunika kwa msemo wa wagombanao ndio wapatanao. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16, asilimia 58 ya wanawake na asilimia 40 ya wanaume walikubali kwamba mume anaweza kuwa na sababu ya haki ya kumpiga mkewe. Jirani mwenye mawazo hayo hatagonga mlango, hata akisikia vyombo vinavunjika.

Kuingilia si lazima kuwe kupigana, na aliyeshika panga hakabiliwi na mtu mmoja. Mara nyingi inatosha kuukata ugomvi kwa jambo dogo: kubisha hodi na kuuliza, "Shemeji, samahani, kwenu umeme upo?", kisha kubaki pale mlangoni ukizungumzia LUKU mpaka hasira ishuke. Ndani ya daladala iliyojaa, mama akimwona mwanafunzi anasongwa na mwanaume kwa makusudi, anaweza kumwambia, "Mwanangu, pita huku kwangu, lete na begi nikushikie," na tayari amemtoa mtoto hatarini bila kumtaja mtu. Kurekodi kwa simu na kusambaza kwenye makundi ya WhatsApp si msaada. Humdhalilisha aliyeumizwa mara ya pili. Kupiga kelele za "mwizi" ili watu wajae ni hatari zaidi, kwa sababu jijini kwetu kelele hizo zimekwishaua.

Kwa mtoto, suala hili si la hiari. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa za kuvunjwa kwa haki za mtoto azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa, na namba 116 hupokea taarifa hizo kwa simu. Kwa dharura, polisi hupatikana kwa 112, na vituo vingi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Aliyebakwa asindikizwe hospitali mapema, kabla ya kuoga ikiwezekana, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72.

Kazi ngumu zaidi hufanyika siku ambazo hakuna anayepigwa. Kijana wa bodaboda anapojisifu kijiweni kwamba amemnyoosha mkewe, wenzake wakicheka amepata kibali, lakini mmoja wao anayeheshimika akimwambia tu, "Hilo si la kujivunia, bwana," mara nyingi kicheko hukatika, na wale waliokuwa wakinyamaza kwa kuona aibu kupinga peke yao hupata ujasiri wa kusema.