Mekapu ya dansa steji: tunayoaminishana na yaliyo kweli

Nimekaa nyuma ya steji nikipaka madansa mekapu miaka kadhaa sasa, watoto, watu wazima, wanaocheza kujifurahisha na wanaolipwa, na hakuna shoo inayopita bila mtu kukaa kwenye kiti, kujitazama kwenye kioo na kuruka: "We, mbona umenifanya kama kinyago?" Namwambia asijiangalie hapo, ila najua hawezi kujiona akiwa steji, anayemwona ni yule aliyekaa siti ya mwisho kabisa. Ukichunguza, karibu kila uongo tunaoambiana kuhusu hii kazi unaanzia hapohapo, tunapima mekapu kwa kioo kilicho hatua moja toka usoni.

"Mekapu ya steji ni ileile ya harusi, ila unazidisha"

Hapana. Harusini mtu mnaongea naye uso kwa uso na kamera iko karibu, kwa hiyo unachanganya rangi mpaka isionekane moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Mtu aliye mita 20 au 30 haoni huo mchanganyo, anaona penye giza na penye mwanga basi. Halafu taa za mbele zikipiga uso zinafuta vivuli vyake vyote, pua inalala, mashavu yanapotea, uso unabaki bapa kama sahani. Kwa hiyo kazi yako ni kurudisha vile vivuli ambavyo taa zimevila. Ukizidisha kila kitu umezidisha tu ubapa.

Angalia jicho, maana dansa anaongea kwa macho na mikono. Watu wengi wanachukua wanja mweusi wanaupitisha ndani ya jicho juu na chini, wanafunga kona zote mbili, kwenye kioo anaonekana mkali kwelikweli. Mbali? Jicho linakuwa tundu jeusi. Madansa wa baleti wana mbinu ya zamani ambayo hata wanaocheza dansi nyingine wanaikopa: mstari wa chini hauchorwi kwenye mzizi wa kope, unashushwa kidogo chini yake, na hauungani na ule wa juu kule pembeni, unaachwa wazi. Ile nafasi katikati unaijaza rangi nyeupe au ya krimu. Kwa karibu inachekesha, jicho linaonekana kama limechorwa na mtoto, ila mtu wa mbali anaisoma ile nyeupe kama sehemu ya jicho lenyewe na jicho linaonekana kubwa zaidi. Ukiongeza kivuli cha kahawia kwenye mkunjo wa juu, juu kidogo ya pale mkunjo wako ulipo, basi jicho limefunguka.

Kipimo ninachotumia ni cha bure: dansa anasimama mwisho wa ukumbi au wa korido, mimi nafumba macho nusu, kama bado naona macho mawili na mdomo tumemaliza, kama naona ukungu tunarudi kitini.

"Chukua faundesheni ya shedi moja juu, taa zitakumeza"

Hii inaniudhi kuliko zote sijui kwa nini haifi. Mwanga mkali wenyewe tayari unakupausha, sasa ukijiongezea weupe umepaushwa mara mbili. Kwa ngozi nyeusi ndo balaa, kwa sababu faundesheni nyingi zinapewa weupe na titaniamu dioksidi, unga mweupe wa madini, na hiyo juu ya ngozi yenye melanini nyingi inatoa rangi ya jivu, mtu anaonekana kama ametoka kuoga hajapaka mafuta. Chukua shedi yako mwenyewe au yenye joto kidogo zaidi. Hailaita, ile rangi ya kung'arisha sehemu za uso zilizoinuka, iwe ya dhahabu au shaba, siyo nyeupe ya chaki. Blasha ya pinki laini achana nayo, tafuta nyekundu iliyokolea, rangi ya matofali, au zambarau ya matunda yaliyoiva, itakutisha kwenye kiboksi lakini steji inakaa kama damu inayotembea chini ya ngozi.

Halafu dansa siyo msoma habari, hauonyeshi uso peke yake. Shingo, masikio, mabega, mikono, mgongo vyote viko nje, ukipaka uso ukaishia kidevuni watu wanaona kichwa kinaelea chenyewe. Kama utapaka mwili basi hakikisha ulichopaka kimekauka na kimeshikwa na poda maana kuna mwenzio atakubeba na nguo yake ni nyeupe.

"Nikipendeza chumba cha kubadilishia nitapendeza steji"

Hili nililipia kwa aibu. Kundi la madansa 8, nimewapaka mashavu mekundu mazuri, midomo myekundu, chini ya balbu za kawaida wanang'aa. Wimbo wa pili taa zikageuka kijani iliyoingia bluu, na mashavu yote 16 yakawa kama yamepigwa ngumi, midomo myeusi, watazamaji wa mbele wakaanza kunong'onezana. Kilichotokea ni fizikia ya kawaida tu, rangi nyekundu inarudisha mwanga mwekundu na kuumeza mwingine, sasa kama taa haina wekundu ndani yake hakuna cha kurudisha, unabaki na giza. Ukigeuza mambo, kwenye taa nyekundu lipstiki nyekundu inapotea kabisa kwa sababu uso mzima umeshakuwa mwekundu kama yenyewe. Taa za kahawia ya asali ndo rafiki wa karibu kila mtu.

Tangu siku ile kabla sijafungua begi namtafuta fundi wa taa namuuliza rangi gani zinatumika na wimbo gani, ni swali la dakika mbili. Kama shoo ina bluu na kijani nyingi napunguza wekundu wa mashavu naelekea kahawia, na kontua, ile rangi ya giza ya kuchora vivuli vya uso, naifanya nyembamba. Na kama kuna mazoezi ya mwisho yenye taa, mekapu iwepo siku hiyo, siyo siku ya shoo ndo mnagundua.

Simu nayo isikudanganye. Simu inajirekebishia mwanga yenyewe, kwa hiyo picha uliyopigwa steji ikapendeza haimaanishi waliokaa ukumbini waliona hivyo. Na ile poda nyeupe sana ya silika, au faundesheni yenye kinga ya jua, ikipigwa flashi inarudisha mwanga wote, unatoka na uso kama umemwagiwa unga. Kwa macho ya ukumbini hakuna tatizo, tatizo ni picha za kumbukumbu.

"Mekapu ya kweli ya steji ni ile ya mafuta, hizi nyingine za kisasa ni utani"

Anayesema hivi mara nyingi amefundishwa na mtu wa tamthilia. Vijiti vya rangi ya mafuta vilienea miaka ya 1870 vikitengenezwa na Ludwig Leichner, Mjerumani aliyekuwa mwimbaji wa opera, na yalikuwa maendeleo makubwa maana kabla ya hapo waigizaji walikuwa wanachanganya unga wao wenyewe na baadhi ya hizo nyeupe zilikuwa na madini ya risasi ndani, sumu kabisa. Lakini mwimbaji wa opera anasimama, wewe unaruka. Mafuta mazito bila poda ya kutosha yakikutana na joto la mwili yanatembea, yanaanza kushuka toka paji la uso. Rangi za keki zinazopakwa kwa sponji yenye maji zenyewe zikikauka haziachi alama kwenye nguo kirahisi, ila jasho likishuka linachora mistari. Kwa hiyo hakuna mfalme hapa. Mimi kwa dansi ya haraka natumia krimu nyembamba na poda juu, kwa kazi ya kuchora mwili mzima natumia ya maji.

Jasho, na dawa za uchawi

Swali ninaloulizwa kila siku: nitumie nini isitoke? Wengine wanajipulizia spreyi ya nywele usoni. Jamani! Ile ni pombe na gundi ya kushika nywele, inakausha ngozi, inachoma macho, na unaivuta mpaka mapafuni dakika 10 kabla ya kucheza kitu kinachohitaji pumzi zako zote. Wengine wanapaka ile dawa nyeupe ya tumbo ya magnesia kama praima, yaani tabaka la kwanza chini ya faundesheni, kwa sababu inafyonza mafuta. Kufyonza inafyonza kweli, ila pH yake, kipimo cha asidi na alkali, iko kama 10 na ngozi yako inapenda iwe karibu na 5, ukirudia wiki nzima ya shoo ngozi inaanza kulalamika. Na mafuta ya mgando chini ya faundesheni ndo kabisa, umepaka mteremko.

Kinachosaidia hakina maajabu. Uso safi, losheni nyepesi, unaiacha ikauke. Faundesheni tabaka jembamba, kisha jingine jembamba, siyo moja zito. Poda haisuguliwi, inabonyezwa kwa pafu, unasubiri kidogo, ya ziada unaipangusa kwa brashi kubwa, halafu spreyi ya kushikia mekapu iliyotengenezwa kwa ajili ya uso. Katikati ya shoo usifute jasho, libonyeze kwa tishu kisha poda kidogo, anayefuta kwa taulo amefuta na kazi yangu yote. Jasho utalitoa tu, hakuna praima ya kulizuia, lengo ni lipite juu bila kubeba kitu.

Ila poda ifanyike mbali na sakafu ya kuchezea na mbali na viatu. Poda kidogo tu chini inateleza, na glita vilevile.

Glita yenyewe: ile ya kazi za mikono ya watoto usiipeleke karibu na jicho hata kwa bahati mbaya. Vipande vyake vina kingo kali na vinaweza kukwaruza konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho. Ya vipodozi imekatwa vidogo na kingo zake ni laini, na hata hiyo iwekwe na gundi yake, siyo kurushwarushwa hewani.

"Kope za bandia zikiwa ndefu zaidi ndo bora zaidi"

Zikizidi zinakuwa kama paa la nyumba, taa ikitoka juu kope zinatupa kivuli kwenye jicho na dansa anaonekana amesinzia. Chagua zilizojaa upande wa nje, ukate zisizidi upana wa jicho lako. Gundi ukiipaka usibandike hapohapo, subiri kama sekunde 30 inate, ndo hapa wengi wanashindwa halafu wanalaumu kope. Kuna gundi zina lateksi, yaani utomvu wa mpira, na kuna watu lateksi inawakataa, jaribu ndani ya mkono siku moja au mbili kabla. Mwenye lenzi za machoni azivae kabla ya mekapu.

"Sisi ni familia, tunashea"

Familia inaweza kushea chakula. Maskara moja kwa macho kumi ni njia rahisi kabisa ya kundi zima kuamka na macho mekundu siku ya pili ya shoo, na lipstiki moja inaweza kumpa mwingine vidonda vya homa vya mdomoni. Kila dansa awe na maskara yake, ikipita miezi 3 itupwe. Vitu vya krimu navikata kwa kijiko kidogo naweka kwenye kibao, brashi hairudi kwenye kopo. Penseli ya wanja inachongwa kati ya mtu na mtu. Inachosha? Inachosha sana, watu 12 na saa moja na nusu, ila nishawahi kuona shoo inachezwa na wawili pungufu sitaki kuirudia.

Wanaume wanaoniambia wao hawahitaji, taa haziulizi jinsia, nyusi na kivuli cha mashavu angalau. Watoto wadogo nawapaka kidogo mno, nyusi, mashavu, mdomo, gundi ya kope hapana.

Kuna wanaoona yote haya ni urembo tu. Waulize wacheza Kathakali, dansi ya kuigiza ya jadi ya Kerala huko India, wanaokaa saa kadhaa wakipakwa, ambapo uso wa kijani unakuambia huyu ni shujaa mwema kabla hajanyanyua hata kidole. Kwenye kabuki, tamthilia ya jadi ya Japani, mistari myekundu ni nguvu na haki, ya bluu ni ubaya au roho chafu. Kwetu tunaopaka dansi za kawaida siyo kwa kiwango hicho, ila bado kabla sijaanza namuuliza dansa: wewe ni nani kwenye hii ngoma? Jibu linabadilisha nyusi.

"Waipsi mbili umemaliza"

Waipsi zinahamisha tu uchafu toka shavu la kulia kwenda la kushoto. Mafuta yanatolewa na mafuta, kwa hiyo anza na mafuta ya kusafishia au krimu, pitisha kwa vidole taratibu mpaka kila kitu kilainike, futa, ndo uoshe kwa sabuni laini ya uso. Kwenye macho bonyeza pamba iliyolowa uhesabu mpaka 20 kabla ya kuivuta. Kope za bandia hasa usizing'oe kavu hata kama basi limewashwa na wenzio wanakuita. Kuna dada mmoja alizing'oa hivyo usiku wa kwanza, akatoka na zake za kuzaliwa nusu ya jicho la kushoto, na kesho yake tulishinda tunamtafutia namna ya kubandika kope mahali ambapo hapakuwa na kope.