Mume kujua haki za uzazi za mkewe si kutoa ruhusa

Kwenye semina za afya ya uzazi vijijini hupita kauli moja ambayo hakuna anayeihoji: "Wanaume wakielimishwa, watawaruhusu wake zao kutumia uzazi wa mpango." Msemaji ana nia njema, na ukumbi hupiga makofi. Lakini hapo tayari ameshamfundisha mume kinyume cha alichokuja kufundisha.

Haki za uzazi ni haki ya mtu kuamua kama atazaa, lini, watoto wangapi na wapishane vipi, na kupata taarifa na huduma za kumwezesha, bila kulazimishwa. Ujauzito na kujifungua salama vimo humo, na kujikinga na magonjwa ya zinaa pia. Uelewa wa mume ni kujua kwamba hayo ni ya mkewe, kwa hiyo si yeye anayeyagawa.

Utetezi wa baba mwenye nyumba unajulikana: watoto ni wetu sote, uamuzi ni wetu sote. Hajakosea moja kwa moja. Tamko la Tehran la 1968, la mkutano wa Umoja wa Mataifa wa haki za binadamu, lilisema kupanga idadi ya watoto ni haki ya wazazi. Kwenye mkutano wa dunia wa idadi ya watu wa Bucharest, 1974, ikawa haki ya wenzi wote na ya kila mtu binafsi, na kwenye ule wa Cairo 1994 ikabaki hivyo. Wengi husoma "wenzi" wakafunga karatasi. Hicho kipande cha pili, "kila mtu binafsi", ndicho kinachoamua wenzi wanapokosa kukubaliana: mume atashauri, atabembeleza, hata kununa atanuna, ila sauti ya mwisho kuhusu mwili wa mke ni ya mke. Itifaki ya Maputo ya 2003, ambayo Tanzania iliiridhia 2007, haizunguki: kifungu cha 14 kinampa mwanamke haki ya kuamua kuzaa au kutozaa na kuchagua njia ya kupanga uzazi. Wa kusema "hayo ya Beijing", yaani mambo ya kigeni ya mkutano wa wanawake wa 1995, wajue huu ni mkataba wa Umoja wa Afrika.

Cairo walisisitiza pia wanaume wabebe wajibu wao, na ni sawa kabisa. Kliniki zikaanza kumwita mume aje na mjamzito, wapime VVU pamoja. Kuna mahali mwaliko huo uligeuka lango: mama aliyekuja peke yake anarudishwa akachukue barua kwa mwenyekiti wa kijiji. Baba aliyekaa kwenye benchi la zahanati akayaona hayo ameelewa vizuri sana, kwamba bila yeye mkewe hahudumiwi. Utamwambia nini tena kwenye semina?

Kuna wanawake wanaochagua sindano ya miezi mitatu kwa sababu kijiti kinapapasika mkononi na mume atajua, na kadi yao ya kliniki inalala kwa jirani. Mume wa namna hiyo unaweza kumkuta anazitaja njia zote za uzazi wa mpango bila kukosea. Anazijua njia, haki haijui. Na yule anayemkokota mkewe akawekwe kitanzi asichokitaka, halafu mkutanoni akasifiwa kuwa ana mwamko, yuko palepale. Haki hii inalinda na anayetaka mtoto mwingine.

Ukitaka kumjua mume mwelewa, usimsikilize mkutanoni. Tazama mambo yalivyo siku yuko kambi ya uvuvi au machimboni na simu haipatikani, huku mkewe mjamzito anatokwa damu. Kwingine ndugu wanakaa kusubiri neno la mwenye mke, na saa zinakwenda. Mwelewa alishawaambia mapema: nauli iko mahali fulani, wa kumsindikiza ni fulani, akitaka kwenda msinisubiri.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaoandaa madodoso, lile swali la "Je, unamruhusu mkeo kutumia uzazi wa mpango?" lipumzisheni. Anayejibu "ndiyo" kwa fahari anahesabiwa mwelewa, kumbe ameshika funguo vilevile. Mwulizeni hivi: mkeo akienda zahanati bila kukuambia, mhudumu ana haki ya kumrudisha?