Mjusi wa Mtoto Wako Ale Wadudu Gani?

Mwanangu amenunuliwa mjusi mwenye ndevu, yule Pogona wa Australia anayefugwa sana Ulaya na Marekani. Tumepewa kopo la nyenje. Wanatosha?

Nyenje ni chakula kizuri, lakini ukimpa hao tu bila kuongeza kitu, mifupa yake itaharibika. Mwilini mwa nyenje fosforasi huzidi kalisiamu mara kadhaa, na mjusi anataka kinyume chake. Kalisiamu ikipungua kwenye damu, mwili huichota mifupani. Taya hulegea, miguu huvimba na kupinda, vidole hutetemeka, na mjusi hushindwa kuinua kifua. Ni ndugu wa matege tunayoyajua kwa watoto. Mfupa uliokwisha kupinda mara nyingi haunyooki tena, kwa hiyo ukiona mtetemo huo mpeleke siku hiyohiyo kwa daktari wa wanyama anayewajua reptilia.

Nifanyeje basi?

Mlishe mdudu kwanza. Nyenje aliyeshinda njaa dukani ni ganda tupu. Kilichomo tumboni mwake ndicho mjusi wako atakachokula. Saa 24 hadi 48 kabla ya kumtoa, mpe sukuma wiki na vipande vya karoti. Wakati wa kulisha ukifika, watie nyenje kwenye mfuko wenye unga wa kalisiamu, utikise, kisha uwatoe wakiwa weupe. Mjusi mchanga apewe unga huo karibu kila siku. Mkubwa, ambaye sehemu kubwa ya chakula chake inapaswa kuwa majani, mara chache kwa wiki zinamtosha.

Unga huo hautafika mifupani bila vitamini D3, ambayo mwili wake huitengeneza kwa mionzi ya UVB, ile miale isiyoonekana iliyomo kwenye mwanga wa jua. Jua la dirishani halisaidii, kwa sababu kioo huizuia. Nunua taa yake, na uibadilishe kwa muda uliotajwa na watengenezaji hata kama bado inawaka.

Wadudu gani wengine wanafaa?

Mende wa dubia, mwenye asili ya Amerika Kusini. Najua neno mende linatutia kinyaa, lakini huyu hufugwa kwa usafi, ana nyama, hapigi kelele, wala hapandi kioo. Funza wa nzi askari mweusi nao ni wazuri mno, maana wana kalisiamu nyingi kwa asili. Funza wa nta wamejaa mafuta. Wawe zawadi ya mara mojamoja.

Mdudu asizidi nafasi iliyo kati ya macho mawili ya mjusi. Nyenje waliobaki waondoe, kwani usiku humng'ata.

Tukikamata wa bustanini?

Hapana. Huenda wamepuliziwa dawa. Na vimulimuli wa Marekani wana sumu inayofanana na ya chura: mmoja tu anaweza kumuua mjusi huyu, naye atammeza bila kusita.

Na sisi wenyewe?

Mjusi mwenye afya kabisa anaweza kubeba salmonela, bakteria wanaoleta kuhara. Nawa kwa sabuni kila ukimshika yeye au wadudu wake, mtoto asimbusu, na aliye chini ya miaka 5 asimguse. Vyombo vyake visioshwe kwenye sinki la jikoni.