Samoni wa ziwani hakai chini siku zote

Wavuvi wengi wanaoburuta chambo nyuma ya boti huamini samoni wa ziwani hukaa chini kabisa, hivyo hufunga chubwi zito la kuzamisha chambo mwaka mzima. Sivyo. Samoni hufuata ubaridi na visamaki anavyokula. Barafu ya ziwani ikishayeyuka, maji ya juu bado ni baridi, naye huwinda karibu na uso. Hapo mshipi mrefu usio na chubwi watosha. Joto likipanda ndipo ushushe chambo, hadi penye nyuzi 10 hadi 14 za Selsiasi hivi. Hata huko, pitisha chambo juu kidogo ya samaki, maana mara nyingi hushambulia akipanda. Kabla ya kuachia mshipi, kiburute chambo ubavuni mwa boti ukitazame: kikizunguka ovyo, mshipi utasokoteka, hata uwe wa bei gani.