Tafuta-au-unda: maana yake na namna ya kuijaribu

Tafuta-au-unda ni amri moja yenye kazi mbili: inatafuta rekodi kwenye kanzidata kwa sifa ulizotaja, na isipoikuta inaiunda papo hapo. Kwenye Django, kiunzi cha kujengea programu za wavuti, inaitwa get_or_create; kwenye viunzi vingine, Rails ni find_or_create_by na Laravel ni firstOrCreate. Hapa tunafuata Django.

Chukua programu ya kuandikisha vyombo vinavyoshusha samaki Bagamoyo. Karani anaingiza namba ya chombo, jina lake na aina: ngalawa, dau au mashua. Chombo kilichoshusha leo kitarudi kesho, na kikirudi hakiandikishwi upya; kinaongezewa tu mzigo wa siku hiyo.

Amri inarudisha vitu viwili: rekodi yenyewe, na True kama imeundwa sasa au False kama ilikuwepo. Wengi hujaribu mwito wa kwanza wakaridhika. Jaribio hilo litapita hata kama msimbo unaunda rekodi mpya kila mara! Ita kwa namba B-114, ita tena kwa namba hiyo hiyo, kisha hakikisha kwamba jibu la pili ni False, pk (kitambulisho cha rekodi) za rekodi zote mbili ni moja, na jedwali lina rekodi 1 tu.

Panapokosewa zaidi ni defaults, yaani sifa unazoipa amri kando na zile za kutafutia. Sifa zilizomo humo hutumika wakati wa kuunda tu. Hazitumiki kutafuta, wala hazibadilishi rekodi iliyopo. Ukiweka jina nje ya defaults, pamoja na sifa za kutafutia, siku karani atakapoandika "Subra" badala ya "Subira" Django haitaiona rekodi ya zamani, nayo itajaribu kuunda nyingine. Kwa hiyo, katika jaribio, mwito wa pili uwe na namba sahihi na jina lililokosewa: jibu liwe False, na jina kwenye kanzidata libaki "Subira". Kama ulitaka jina libadilike, unayohitaji ni update_or_create.

Amri hii peke yake haizuii marudio. Simu mbili zikituma B-114 kwa pamoja, zote zinatafuta, zote zinakosa, zote zinaunda. Mwito utakaofuata utaangukia kosa la MultipleObjectsReturned, yaani rekodi zaidi ya moja zimepatikana. Kinga ni unique=True kwenye safu ya namba, inayokataza namba kujirudia. Hapo anayechelewa anakataliwa na kanzidata, Django inatafuta tena na kumrudishia rekodi iliyokwisha ingia, pamoja na False.

Kinga hiyo nayo ijaribiwe: unda B-114 mara mbili kwa create (amri ya kuunda bila kutafuta), utarajie IntegrityError, yaani kosa la kanzidata kukataa marudio. Mwito wa pili uuweke ndani ya transaction.atomic(), inayoufungia katika muamala (hatua za kanzidata zinazofaulu au kufutwa kwa pamoja). Usipofanya hivyo, swali lolote (ombi kwa kanzidata) litakalofuata kwenye jaribio hilo litaleta TransactionManagementError, kwa sababu TestCase, darasa la majaribio la Django, huendesha kila jaribio ndani ya muamala mmoja na kuufuta mwishoni. Kwa sababu hiyo hiyo, jaribio la nyuzi mbili (kazi mbili za programu zinazoenda sambamba) zinazoandika kwa pamoja linahitaji TransactionTestCase, isiyoufungia jaribio katika muamala mmoja.

Ukitumia assertNumQueries, inayohesabu maswali kwa kanzidata, ndani ya TestCase, rekodi ikiwepo utahesabu swali 1; ikiundwa utahesabu 4, maana kuna kutafuta, kuweka alama ya kurudia (savepoint, mahali pa kurudi hatua ikishindwa), kuingiza na kuiachia alama hiyo.

Jaribu pia "b-114" na "B-114 " yenye nafasi mwishoni. Kwa kanzidata ya PostgreSQL hizo ni namba nyingine kabisa, hivyo zisafishe kabla ya kutafuta.